Mzigo Mpana Ukishavuka Kongowe

Karibu kila kitu kikubwa kinachotoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda kusini kwa njia ya barabara hupita Mbagala. Barabara ya Kilwa haina mwenzake wa maana upande huo. Ukitoka Bendera Tatu unapita Kurasini, Mtoni, Kwa Aziz Ali, Zakhem na Kizuiani hadi Rangi Tatu, unashuka bonde la Mto Mzinga, unapanda Kongowe, na kuanzia hapo ni Vikindu, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, Daraja la Mkapa, Somanga, Nangurukuru, Lindi na Mtwara. Mabomba, transfoma za vituo vya umeme, matangi, mitambo ya viwanda vya Mkuranga, makatapila ya wakandarasi: vyote hupandishwa lobedi na kukatiza katikati ya daladala, bajaji na bodaboda za Temeke.

Hapa mjini mzigo wa namna hiyo hausafiri peke yake. Mbele linatangulia gari dogo lenye vimulimuli na bendera nyekundu, nyuma linafuata jingine, na kwenye makutano trafiki amekwisha kusimamisha magari. Ukishavuka Kongowe, trafiki wanapungua, mafundi wa umeme wanapungua, na barabara yenyewe inapungua upana. Na safari yenyewe ndiyo kwanza inaanza: kutoka Mbagala hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni vijiji. Maoni yangu ni kwamba utaratibu wetu wa kusafirisha mizigo isiyo ya kawaida umejengwa kulinda lami na madaraja, na kwa hilo unastahili heshima yake. Lakini mtu anayeishi kando ya lami hajawekwa ndani ya utaratibu huo. Mjini anaokolewa na macho ya watu wengi. Kijijini hana wa kumtetea.

Tuanze na mzigo wenyewe, maana watu huchanganya mambo mawili. Kuna mzigo mzito, na kuna mzigo unaopita vipimo kwa upana, urefu au kimo. Bawa la mtambo wa upepo si zito sana ukilinganisha na urefu wake. Tabu yake ni kona. Transfoma kubwa ya gridi ni fupi, lakini inaweza kuwa na tani zaidi ya mia zilizokusanyika mahali pamoja. Tabu yake ni daraja. Kijiko cha kuchimbia kikipandishwa lobedi bila mkono wake kulazwa vizuri, tabu yake ni nyaya. Kwa hiyo njia inayofaa mzigo mmoja inaweza kuwa mbaya kabisa kwa mwingine, na anayepanga safari kwa kutazama ramani na kilomita peke yake atakwama.

Kuhusu uzito sheria iko wazi. Tanzania inafuata Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika kwetu mwaka 2019. Gari pamoja na mzigo wake lisizidi tani 56. Ekseli moja yenye matairi manne isizidi tani 10, ekseli mbili zilizoongozana tani 18, na tatu tani 24. Zaidi ya hapo unahitaji kibali maalumu, na kibali hakitolewi kwa mzigo unaoweza kugawanywa. Huwezi kuomba kibali cha kubeba saruji tani 90, saruji inagawanyika. Transfoma haigawanyiki.

Msingi wa ukali huo si hila ya serikali kutafuta faini. Kati ya mwaka 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani walijenga barabara za majaribio huko Illinois, wakayapitisha malori juu yake mchana na usiku ili kuona lami inakufaje. Walichogundua kinatumika hadi leo duniani kote: madhara kwa barabara hayaongezeki sawasawa na uzito wa ekseli, yanaongezeka kwa takriban kipeo cha nne. Ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, barabara inaumia mara 16. Ukizidisha asilimia 10 tu, unaumiza karibu asilimia 46 zaidi.

Hesabu hiyo inabadilisha namna ya kuutazama mzigo mkubwa. Tela maalumu za kubebea mizigo hiyo huunganishwa kipande kwa kipande, mstari wa ekseli baada ya mstari, na mara nyingi kila mstari una matairi manane. Mfumo wa haidroliki unasawazisha uzito, ili tairi moja likiingia shimoni mzigo usielemee upande mmoja. Mzigo wa tani 120 uliotandazwa juu ya mistari 12 au zaidi unaweza kuiumiza lami kidogo kuliko tipa la kokoto lililojazwa kupita kiasi. Mzigo unaotisha macho hupita mara moja, kwa kibali, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Tipa linapita kila siku. Kama tunailinda Barabara ya Kilwa, kazi ya kwanza iko kwenye mchanga, kokoto na saruji, na hapo ndipo siasa huingilia. Oktoba 2013, John Magufuli akiwa Waziri wa Ujenzi aliondoa nafuu ya asilimia 5 iliyokuwa ikiachwa bila tozo kwenye mizani. Wasafirishaji waligoma, malori yakajipanga barabarani, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akasitisha agizo hilo. Kwa hesabu za lami, Magufuli alikuwa sahihi.

Wakazi wa Mbagala wanazijua hesabu hizo kwa kuziona. Barabara ya Kilwa ilipanuliwa kwa msaada wa Japani, na haikuchukua muda mrefu ikaanza kuharibika, hadi Wizara ya Ujenzi ikamtaka mkandarasi airudie. Sasa imejengwa upya kwa zege kwa ajili ya awamu ya pili ya mabasi yaendayo haraka, kilomita 20.3. Zege linabeba uzito vizuri kuliko lami, na kwa upande huo mzigo mzito umepata ahueni. Kwa upande wa upana mambo yamegeuka. Zamani msafara ukifika Mtongani au Zakhem, trafiki alisimamisha magari yanayotoka Rangi Tatu na lobedi likaazima nafasi ya upande wa pili. Leo katikati ya barabara kuna njia ya mwendokasi, kingo za zege na vituo vya abiria. Magari mengine yamebaki na njia zao pembeni, na mzigo wa mita tano au sita hauna pa kuegemea isipokuwa kwenye njia ya mabasi yenyewe, kwa makubaliano, saa ambazo mabasi hayapo. Sijaona ubaya katika hilo. Barabara ya mwendokasi imejengwa kwa ajili ya watu, na watu ndio wanaopaswa kupewa kipaumbele Mbagala. Lakini anayepanga mizigo ya miradi ya kusini hana budi kujua kwamba lango lake limebana kuliko lilivyokuwa miaka kumi iliyopita.

Halafu kuna Rangi Tatu kwenda Kongowe. Hapo, mahali pasipofika kilomita nne, ndipo njia imebana kwa miaka mingi: barabara inashuka kwenye daraja la Mzinga na kupanda tena, huku magari ya Mbande, Chamazi, Kigamboni na ya mikoani yote yakigombea mlango mmoja. Lobedi lenye mzigo wa tani mia likianza kupanda mlima wa Kongowe halisimami ovyo, maana kuliondoa tena kwenye mwinuko ni kazi nyingine. Kwa hiyo njia yote ya mbele lazima iwe tupu kabla kichwa hakijaingia darajani. Mkazi wa Kongowe anayekaa saa mbili kwenye foleni bila kujua sababu ana haki ya kukasirika. Angeambiwa jana yake, angetoka mapema au angechelewa kwa kujua.

Daraja ni somo la peke yake. Kwenye lami tunahesabu ekseli. Kwenye daraja tunahesabu pia jumla ya uzito uliokaa kati ya nguzo mbili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana dereva mzoefu huvuka peke yake, katikati kabisa ya daraja, kwa mwendo mmoja, bila kufunga breki wala kubadili gia, kwa sababu breki ya tani 150 ni msukumo ambao daraja halikuandaliwa kuubeba. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake watu na mizigo walivushwa kwa pantoni, na mzigo wenye uzito wa kutisha haukuwa na njia ya kuvuka hapo. Lakini daraja kubwa halitoshi iwapo madogo yanayofuata ni dhaifu. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya kusini, maji yalikata barabara eneo la Somanga na mawasiliano kati ya Dar es Salaam na Lindi yakasimama. Njia moja, isiyo na ya akiba. Mpango wowote wa kupitisha mzigo wa pekee kusini mwa Kibiti wakati wa masika ni kubahatisha mali ya watu.

Hapo sasa tumefika vijijini, na hapa nataka kukaa kidogo.

Mzigo mrefu kwenda juu unapoingia kijiji cha njiani, juu yake husimama kijana mwenye kofia ngumu na fito ndefu isiyopitisha umeme. Gari linatambaa. Waya wa kwanza ukikaribia, anaunyanyua kwa ncha ya fito, anatembea nao kutoka kichwa cha mzigo hadi mkiani, anauteremsha taratibu, anageuka haraka kuusubiri wa pili. Kwa waya wa simu kazi inakwisha hapo. Kwa waya wa umeme inatakiwa fundi wa TANESCO awepo na laini iwe imezimwa. Mjini fundi anapatikana. Kule kijijini Nyamwage fundi anatoka mbali, msafara unalipia kila saa inayopita, na kishawishi cha kuendelea na fito ni kikubwa. Nyaya za vijijini nyingi zimefika miaka ya karibuni kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, nazo hukatiza barabara kutoka nguzo upande mmoja kwenda nyumba upande wa pili. Waya mmoja ukikatika, mashine ya kusaga inasimama, friji ya zahanati yenye chanjo inaanza kupata joto, na kijana wa kuchomelea anafunga kibanda. Mara nyingine kilichoukata waya huo ni kifaa cha kuzalishia au kusafirishia umeme wa taifa.

Miti nayo. Matawi yanayoinamia barabarani hukatwa ili mzigo upite, na katika Mkuranga na Kibiti matawi hayo mara nyingi ni ya mwembe au mkorosho. Mkorosho huzaa kwenye ncha za matawi ya nje, yale yale yanayokatwa. Mwenye mti akidai, anaambiwa mti uko ndani ya hifadhi ya barabara. Kisheria ni kweli. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na watu wa Mbagala hadi Kibiti wanazikumbuka alama za X: nyekundu kwa aliye ndani ya eneo la zamani, asiye na fidia, na kijani kwa aliyefuatwa na barabara, anayestahili fidia. Hifadhi ya barabara si ardhi ya kijiji. Kwa hiyo serikali ya kijiji, ambayo ina sauti juu ya mashamba na visima vyake, haina sauti rasmi juu ya kinachopita katikati ya kijiji hichohicho.

Tabu kubwa kuliko zote huanza pale mzigo unapoiacha barabara kuu. Hadi hapo msimamizi alikuwa TANROADS, wakala wenye mizani, wahandisi wa madaraja na uzoefu tangu mwaka 2000. Ukikata kushoto au kulia kuelekea kwenye eneo la mradi unaingia mikononi mwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017 na ambayo sasa inasimamia mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000, sehemu kubwa ikiwa ya udongo. Wakala mbili, vibali viwili, na viwango viwili tofauti kabisa vya barabara. Kalvati la bomba lililowekwa kwa ajili ya fuso la mihogo halikuandaliwa kubeba lobedi. Likipasuka ndani halionekani juu. Linasubiri mvua ya kwanza ya masika, maji yanakosa njia, barabara inakatika, na kwa wakati huo mkandarasi amekwisha kulipwa na kuondoka. Wanakijiji watasema ni lile lori kubwa. Mkandarasi atasema kalvati lilikuwa bovu tangu zamani. Hakuna atakayeshinda, kwa sababu hakuna aliyelipiga picha kalvati lile kabla ya lori kufika.

Tatizo hili si jipya katika nchi hii, wala majibu yake si mapya. Meli tunayoiita leo Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ilikuwa na urefu wa mita 71. Waliijenga, wakaifungua, wakaipakia katika makasha yapatayo 5,000, wakaileta Dar es Salaam, na reli ya kati ikayapeleka makasha hayo kuelekea Kigoma. Mwaka 1915 ilishushwa majini Ziwa Tanganyika. Wajerumani waligawanya mzigo. Waingereza, kwa kuwajibu katika Vita Kuu ya Kwanza, walichagua njia ngumu: mwaka huohuo walipeleka boti mbili za vita, Mimi na Toutou, kila moja na urefu wa mita 12, zikiwa nzima. Zilisafirishwa kwa treni kutoka Cape Town hadi Katanga, kisha zikakokotwa kwa mashine za mvuke na mafahali kuvuka milima ya Mitumba, kisha treni tena na mto hadi ziwani. Njia ilibidi ikatwe na madaraja yajengwe njia nzima, kwa mikono ya Wakongo ambao majina yao hayamo kwenye vitabu vinavyomsifu kamanda wa msafara huo, Spicer-Simson. Boti zilifika na zikapigana. Lakini ukiuliza ni nani aliyelipa gharama ya ile njia, jibu ni walewale waliokuwa wakiishi kando yake.

Mfano wa karibu zaidi ni Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji: megawati 2,115, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, mkataba uliosainiwa Desemba 2018 na kampuni za Misri za Arab Contractors na Elsewedy Electric. Mitambo ya ukubwa huo ilipaswa kufika porini, katikati ya hifadhi. Mtu angedhani yote itapita Mbagala hadi Kibiti na kukata kwenda Mloka. Lakini reli ya TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya shaba ya Zambia, inapita si mbali na bwawa, na stesheni ndogo ya Fuga ikawa mahali pa kushushia shehena za mradi kabla ya kumaliziwa kwa malori. Kwangu huo ni uamuzi wa busara kuliko inavyosemwa. Kilomita nyingi zilizobebwa na reli ni kilomita ambazo hakuna kijiji kilichokatiwa waya. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mwaka 2024.

Jirani zetu wa Kenya walikosa reli huko walikokwenda, wakajenga barabara. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 ya Vestas, megawati 310, na vipande vyake vilipakuliwa Mombasa na kusafirishwa takriban kilomita 1,200. Sehemu ya mwisho, kutoka Laisamis hadi eneo la mradi, kilomita 208, ilibidi ijengwe upya kabla mzigo haujaanza kusogea. Barabara hiyo imebaki, na watu wa Marsabit wanaitumia kupeleka mifugo sokoni na wagonjwa hospitalini. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini mradi huohuo ulifikishwa mahakamani kuhusu ardhi, na mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyokaa Meru iliona kwamba hati za ardhi hiyo hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria. Barabara nzuri haifuti deni la kutomuuliza mwenyeji.

Kusini mwetu deni la namna hiyo tulishaliona likidaiwa kwa moto. Ujenzi wa bomba la gesi la Mtwara hadi Kinyerezi ulizinduliwa Novemba 2012 kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Januari na Mei 2013 Mtwara kulikuwa na ghasia, watu wakitaka gesi isitoke. Ugomvi haukuwa juu ya malori. Lakini atakayepitisha vitu vikubwa mbele ya watu maskini bila kuwaeleza vinakwenda wapi na wao watabaki na nini, asishangae wakijieleza wenyewe. Mradi wa awali wa Songo Songo, ulioanza kuleta gesi Dar es Salaam mwaka 2004, ulikuwa na kipengele cha kuvipatia umeme vijiji vilivyo kwenye njia ya bomba. Utekelezaji wake unaweza kubishaniwa, lakini wazo lilikuwa sahihi: anayepitiwa naye ana fungu.

Kabla ya kufika kwenye fungu la kijiji, kuna swali linaloulizwa mara chache: lazima mzigo upite barabarani? Bandari ya Mtwara imeongezewa gati la mita 300. Kilwa na Lindi kuna bahari. Kwa mzigo unaokwenda Lindi au Mtwara, meli ndiyo njia ya kwanza inayopaswa kufikiriwa, na barabara ya Kilwa iwe ya mwisho. Serikali imekwisha kuonyesha njia kwa korosho, ikitaka zisafirishwe kupitia Mtwara badala ya kubebwa kwa malori hadi Dar es Salaam. Mantiki ileile inafaa kwa mitambo. Anayeomba kibali cha mzigo mzito kwenda kusini atakiwe kwanza kueleza kwa maandishi kwa nini bahari haifai. Majibu mazuri yapo: gati la karibu halina winchi ya kutosha, au eneo la mradi liko mbali na pwani. Lakini yaandikwe.

Kwa mizigo itakayobaki barabarani, na mingi itabaki, ninachopendekeza hakihitaji sheria mpya wala bajeti kubwa. Kibali kikishatolewa, nakala yake ipelekwe kwa watendaji wa vijiji na mitaa yote ya njiani siku saba kabla ya mzigo kupita, ikiwa na tarehe, saa, vipimo vya mzigo, jina la msafirishaji na namba ya simu inayopokelewa. Mtendaji ana ubao wa matangazo na ana wenyeviti wa vitongoji, habari itafika. Yeye ndiye anayejua siku ya gulio, mahali watoto wanapovukia kwenda shule, na waya upi umelegea. Hakuna mhandisi kutoka Dar es Salaam atakayejua hayo kwa kupita na gari mara moja.

La pili ni picha. Kabla ya mzigo kuondoka, mtu wa msafirishaji na mtendaji wa kijiji wapige picha kila kalvati, kila daraja dogo na kila waya ndani ya kijiji, na wote wawili wasaini. Baada ya mzigo kupita, wapige tena. Simu za mkononi zipo hadi vitongojini. Jambo hili dogo litamaliza ubishi mwingi kuliko mkutano wowote wa hadhara, na litamlinda hata msafirishaji mwaminifu anayesingiziwa kalvati lililokufa mwaka juzi.

La tatu ni fedha ya dhamana. Msafirishaji aweke kiasi fulani kabla ya kupewa kibali, kirudishwe vijiji vikishathibitisha kwamba hakuna kilichoharibika au kilichoharibika kimetengenezwa. Najua wasafirishaji watalalamika, na sehemu ya malalamiko yao ina haki: tayari wanalipia kibali, askari wa kusindikiza, mafundi wa umeme na siku za kusubiri. Basi dhamana iwe ndogo, irudishwe haraka, na ilipwe na mwenye mradi badala ya mwenye lori. Mwenye mradi ndiye anayefaidi mzigo ukifika. Dereva na utingo wake ni wafanyakazi kama wengine, na mara nyingi ndio wanaopokea mawe ambayo hayakuwa yao.

Kuna watakaosema huu ni urasimu juu ya urasimu, na kwamba nchi inayohitaji viwanda haiwezi kumsubiri mtendaji wa kijiji. Sioni tukimsubiri. Kibali hakimhitaji aruhusu, kinamhitaji ajue. Kuchelewa kwa mzigo kunatokana zaidi na mambo yasiyotegemewa: waya usiojulikana, gulio lisilotarajiwa, kona iliyojengewa banda wiki iliyopita. Yote matatu mtendaji angeyasema kwenye simu ya dakika tano.

Mahali pa kuanzia pako wazi. Barabara ya Kilwa kutoka Kongowe hadi Somanga inapita wilaya za Mkuranga, Kibiti, Rufiji na Kilwa, na orodha ya vijiji vyake inaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja. TANROADS na TARURA wakae na halmashauri hizo nne, wakubaliane namna ya kupashana habari, na wajaribu kwa msimu mmoja wa kiangazi. Kibali kinachofuata cha mzigo mpana kutoka bandarini kiwe na nakala ya ofisi ya kijiji.